Sura ya Saba: Waya wa Buluu

Siku ya tatu baada ya Teodoro Zanin kufa chini ya maji yake ya moto, ukungu ulikuwa bado haujaondoka Santa Justa. Ulikaa mitaani tangu Jumatatu, mweupe na mzito, na watu walipita ndani yake taratibu, wakisalimiana kwa sauti kabla hawajaonana nyuso. Inspekta Noemi Prates aliliacha gari barabarani, akaufuata ukuta kwa kiganja mpaka akalipata lango la marehemu. Nyuma yake alisikia viatu vya Sajini Ademir, na nyuma ya Ademir hakusikia kitu kabisa, kana kwamba mji ulikuwa umevuta blanketi ukarudi kulala.

Kesi yenyewe ilikuwa imekwisha, au ndivyo kila mtu alivyomwambia. Jumapili mchana Marilde, binti wa marehemu, alikuja kutoka ng'ambo ya reli na shawa mpya ya umeme, zawadi kwa baba yake. Akaifunga mwenyewe, maana ni fundi umeme wa kiwanda cha karatasi, kisha akarudi kwake. Jumatatu asubuhi mzee akaingia kuoga, akapigwa na umeme, akafa. Na Jumatatu hiyohiyo, kabla hata jeneza halijapatikana, mzee Anselmo Kozak alijileta kituoni, kofia mkononi. Huyo ndiye fundi umeme wa Santa Justa nzima, na ndiye baba wa ubatizo wa Marilde. Alisema yeye ndiye aliyemuua Teodoro. Jumapili jioni, binti alipokwisha kuondoka, aliifungua shawa ili aiongeze joto, akachanganya waya. Basi na afungwe.

Mwendesha mashtaka alifurahi sana, akataka faili mezani kwake leo saa sita mchana. Noemi hakufurahi. Mtu anayejileta mwenyewe namna ile ni kama kuku aliyeingia sufuriani kwa miguu yake, na katika miaka kumi na tisa ya kazi Noemi hakuwahi kumla kuku wa aina hiyo bila kwanza kumgeuzageuza.

"Umezima swichi kuu?" aliuliza akiwa mlangoni mwa bafu.

"Nimezima, mkuu."

"Nenda kahakikishe tena."

"Mkuu, ukifa wataniletea mwingine, na huyo labda atakuwa anaamka saa kumi na moja," alisema Ademir, lakini alikwenda.

Bafu lilikuwa dogo, la vigae vya kijani, na dirisha lake lilikuwa limejaa ukungu mpaka mwanga ulioingia ulifanana na maziwa yaliyotiwa maji. Taulo la mzee lilikuwa bado kwenye msumari. Noemi alipanda ngazi, akamulika tochi. Kutoka ukutani zilitoka waya mbili nene, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu. Kwenye shawa zilitoka mbili nyingine, na pamoja nazo waya mwembamba wa kijani, ule wa kinga, ambao kazi yake ni kuuchukua umeme uliopotea njia na kuuteremsha ardhini. Katika nyumba hii ya zamani hapakuwa na waya wowote wa kwenda ardhini. Basi mtu alikuwa ameuchukua ule wa kijani, akausokota pamoja na ule wa buluu, akazungushia utepe wa kijivu, tabaka juu ya tabaka, bila mkunjo hata mmoja.

"Kazi safi," alisema Ademir kutoka chini.

"Safi mno. Nenda kawashe."

Noemi alivaa glavu za mpira, akashusha pumzi, akapima. Kati ya mwekundu na wa buluu mita ilisoma mia mbili na ishirini. Kati ya mwekundu na bomba la chuma, mia moja na ishirini na saba. Alikaa kidogo akiitazama mita. Kisha akapima kati ya wa buluu na bomba. Mia moja na ishirini na saba.

"Zote mbili zina moto," alisema.

Ademir, ambaye alizaliwa nyumba ya tisa kutoka hapo, alipiga mwayo. "Sasa hiyo nayo ni habari? Huku kwetu ndivyo ilivyo. Moto wetu ni mdogo. Taa na redio vinatosheka nao, lakini shawa ina tamaa. Basi unaipa mioto miwili, mmoja kila upande, inanyamaza."

"Na kule ng'ambo ya reli?"

"Kule ni jimbo jingine, na shirika la umeme ni jingine. Moto wao mmoja ni mkubwa, unatosha. Waya wa pili umelala tu, hauna kitu. Nyutro."

"Rangi gani?"

"Buluu. Siku zote ni bul..."

"Endelea, sajini."

Ademir alivua kofia, akakuna kichwa. Aliongea polepole sasa. Kule ng'ambo, alisema, nyumba isiyo na waya wa ardhini, mafundi wavivu huufunga ule wa kijani kwenye nyutro. Ni kosa, wakaguzi wanalikataza kila mwaka, lakini kule waya wa buluu umelala na mara nyingi haudhuru mtu. Anayejifunzia kazi kule hujifunza na hilo.

"Na akilifanya huku?"

"Huku atakuwa ameyaunganisha maji na moto, mkuu. Yanashuka na umeme wake."

"Lakini Marilde aliijaribu. Alituambia aliyagusa maji kwa mkono, yakawa sawa."

"Kwa ndala za mpira, na hakushika bomba. Mzee angeoga vipi? Peku." Ademir aliinyosha shingo akilitazama koki la chuma. "Na baridi hii, unajua wenyeji tunavyofanya. Ukishaingia chini ya maji unaona hayajakolea. Basi unanyosha mkono, unalifunga koki kidogo, maji yapungue yapate moto."

Noemi alijua. Hata yeye, mtu wa kuja, alijifunza hilo katika majira yake ya kwanza ya baridi hapo. Mwili mzima kwenye maji, na mkono kwenye chuma kilichozama ardhini. Alishuka ngazi taratibu sana.

Walikwenda kwenye kisanduku cha swichi, nyuma ya mlango wa jikoni. Upande wa ndani wa kifuniko palikuwa na maandishi ya penseli, yamefifia lakini yanasomeka: *A.K., Juni 2003. Shawa: moto na moto.* Ilikuwa saini ya Anselmo. Mji mzima ulikuwa na saini yake nyuma ya vifuniko. Yeye ndiye aliyeutoa ule waya wa buluu kwenye nyutro miaka hiyo na kuufunga kwenye moto wa pili, Teodoro aliponunua shawa yake ya kwanza yenye nguvu. Kisheria alitakiwa auzungushie alama nyekundu kule bafuni, ili anayekuja baadaye ajue kuwa rangi inasema uongo. Hakuweka. Kwa nani? Huku kila mtu anajua.

"Angalia na hii," alisema Ademir, akielekeza kidole juu ya jiko la kuni, mahali waya wa taa ulipounganishwa kwa vijikopo vyeupe vya kauri. "Hivi ndivyo anavyounganisha Anselmo, kila nyumba. Utepe anauchukia. Anasema utepe ni bendeji, na waya si mgonjwa."

Noemi aliandika hayo yote. Nje, mahali fulani ndani ya ule weupe, mtu alikuwa akipasua kuni, na mwangwi wa shoka ulifika ukiwa umechelewa, kama unatoka siku nyingine.

*

Mahabusu ya Santa Justa ilikuwa na chumba kimoja, na chumba hicho kilikuwa hakijapata mgeni wa heshima kama Anselmo Kozak. Majirani walimletea mto, blanketi mbili na sufuria ya mbegu za msonobari zilizochemshwa. Noemi alimtoa akamkalisha ofisini, karibu na hita, akampa kibuyu cha chai chungu chenye mrija. Mzee alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye nyusi nyeupe zilizosimama, na alikipokea kibuyu kwa mikono miwili.

"Pole na baridi, mzee."

"Baridi ya jela ni nzuri. Haina upepo."

"Hujafungwa bado."

"Basi harakisha, Bi Inspekta. Mambo ya kukaa mlangoni siyapendi."

Noemi alikuwa mfupi, na alijua kuutumia ufupi wake. Alinyanyua macho juu ya kabati. "Samahani mzee, nishushie lile faili la juu kabisa. Mimi sifiki."

Anselmo aliinuka mara moja, maana alilelewa vizuri. Mkono wake wa kulia ulipanda mpaka usawa wa kifua ukakomea hapo. Alisimama hivyo kidogo, kisha akakaa.

"Mwite sajini akushushie," alisema.

"Bega hilo lina muda gani?"

"Linakuja na kwenda."

Ademir, aliyekuwa mlangoni, alikohoa. "Miaka mitatu, mkuu. Kila mwenye nyumba hapa ameshapandishwa ngazi ya mzee Anselmo. Yeye anasimama chini na fimbo, anatukana. Mimi mwenyewe aliniita punda kwenye dari langu."

"Ulishika waya kama punda," alisema Anselmo.

Noemi alivuta kiti karibu. "Jumapili jioni ulipanda ngazi, ukafungua shawa juu ya kichwa chako. Kwa mkono upi?"

"Wa kushoto."

"Ukazungusha utepe mara ishirini, bila mkunjo, kwa mkono mmoja?"

"Nina subira."

"Utepe wa rangi gani?"

"Mweusi. Utepe ni mweusi."

"Ni wa kijivu. Wa kiwandani."

"Macho yangu nayo yamezeeka."

"Mzee Anselmo, ule waya wa buluu uliufunga wewe kwenye moto wa pili, na ukaandika kwa mkono wako. Leo uniambie uliudhania nyutro?"

Anselmo alivuta chai mpaka kibuyu kikalia kwamba kimekauka. Alikirudisha mezani kwa uangalifu. Hita ilikuwa ikinguruma chini ya dirisha.

"Una mtoto, Bi Inspekta?"

"Mmoja. Wa kike."

"Basi nisikilize. Yule Marilde mimi ndiye niliyemshika kwenye maji ya ubatizo. Alipiga kelele padri akasahau maneno. Jumatatu majirani waliponiita, nilizima umeme, nikasimama pale chini na tochi. Nikauona utepe wa kijivu, wa kiwandani kwake; ndiyo maana nimekuambia mweusi. Nikauona na ule wa kijani unakoingia." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nilikaa na Teodoro pale sakafuni mpaka gari likaja. Nilimuuliza tufanyeje. Yeye angefanya hivihivi. Hafufuki yule. Mimi nina miaka sabini na minne, mtoto ana thelathini na mmoja. Igawe hiyo hasara upendavyo, hesabu yake ni ileile."

"Umesema uongo kwa polisi."

"Nusu. Alama nyekundu sikuiweka, na hilo ni langu, hakuna wa kuninyang'anya. Waya umekaa ukutani miaka yote hiyo unadanganya, na mimi ndiye niliyeufundisha. Sasa, akijua kuwa baba yake ameuawa na zawadi yake, ataishi vipi? Niambie. Wewe umesoma."

Noemi alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuudhi. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Karatasi ya maungamo ilikuwa mezani, imepigwa chapa vizuri, inangoja sahihi yake tu. Mtu aliyekwisha kufa hangerudi. Mji ungemsamehe mzee ndani ya mwezi. Hakimu naye, kwa umri ule, angempa kifungo cha kukaa nyumbani kwake. Na kule kwa Zulmira, dada wa marehemu, alikofikia Marilde kwa msiba, kulikuwa na binti anayelia msiba wa kawaida, msiba wenye mwisho. Noemi aliisogeza karatasi karibu. Aliitafuta kalamu mfukoni, akaipata, na akakaa nayo mkononi.

"Amekula leo?" Anselmo alimuuliza Ademir. "Marilde."

"Amekula wapi! Nimepita pale asubuhi kumpa shangazi yake pole. Binti yuko juu ya ngazi tangu alfajiri, bisibisi mdomoni." Ademir alisita, akaona aseme tu. "Usikasirike, mzee. Ana hasira na wewe. Anasema kazi yake ilikuwa sawa na wewe ukaiharibu. Ameapa anaondoa kila kitu ulichofunga nyumba ile, shangazi yake asije akafa kama kaka yake."

Anselmo alimtazama. Rangi ya uso ikamtoka polepole.

"Kila kitu kipi?"

"Kila kitu. Shawa ndiyo kaanza nayo. Kanunua mpya."

Mzee aliinuka kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. "Buluu," alisema. "Kwa Zulmira nako ni buluu. Nilifunga mwaka uleule. Piga simu! Msichana, piga simu!"

Hakuna aliyewahi kumwita Noemi msichana ofisini mwake, na hakuna aliyelitambua hilo kwa wakati ule. Anselmo aliitaja namba kwa kichwa. Simu ililia mara sita.

"Haloo?" Sauti ya Marilde ilikuwa nzito, ya mtu aliyelia na kufanya kazi kwa pamoja. Nyuma yake redio ilikuwa ikisali rozari.

"Marilde, ni Inspekta Noemi. Shangazi yuko wapi?"

"Bafuni. Ameingia sasa hivi, anataka kuizindua shawa. Kuna nini?"

"Nenda kwenye swichi kuu. Zima nyumba nzima."

"Ana sabuni mwili mzima, Bi Ins..."

"Zima!"

Mkono wa simu uliwekwa mezani kwa kishindo. Noemi aliubonyeza wake sikioni mpaka ukaumiza. Ilisikika nyumba nzima kutoka mbali: nyayo zikikimbia kwenye mbao, redio ikimwomba Maria kwa sauti ya wanawake wengi, na chini ya sala, maji. Maji yalikuwa yakishuka bila haraka. Mtu alikuwa akiimba ndani yake. Kisha wimbo ukakatika, na sala ikaendelea.

Anselmo alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Redio ikazimika katikati ya neno. Maji yaliendelea kushuka peke yake. Noemi alihesabu moyoni, akafika saba, akafika kumi na moja.

"Nani amezima!" Sauti ya mwanamke ilipasuka kule mbali, kali na yenye afya. "Marilde! Maji yamekuwa barafu! Mnataka kunizika na mimi wiki hii?"

Noemi aliishusha simu. Anselmo alikuwa sakafuni, mgongo kwenye kabati, analia kwa sauti kama watoto wanavyolia, bila kujificha.

*

Nyumba ya Bi Zulmira ilikuwa upande huu, mita chache tu kutoka relini. Treni haikuwa imepita hapo kwa miaka mingi, na nyasi zilikuwa zimeota kati ya mataruma, lakini ndani ya ukungu reli zilionekana mpya, zikija kutoka kusikoonekana na kwenda kusikoonekana. Zulmira alikuwa jikoni, amejifunga blanketi, povu limejaa kichwani.

"Kama serikali imekataza maji ya moto msibani, ingesema mapema," alimwambia Noemi. "Niliimba tu kidogo, maji yaliingia mdomoni nikanyamaza. Sasa povu linanikaukia."

"Ulishika koki, Bi Zulmira?"

"Nilikuwa nakwenda kulishika. Kwa nini?"

Noemi aligeukia bafu. Marilde alisimama kwenye mlango wa bafu, ovaroli ya kazini na kitambaa cheusi cha msiba kichwani, mrefu, mikono imejaa vumbi la ukuta. Alikuwa fundi, na alikwisha kuanza kufikiri.

"Vaa buti na glavu," Noemi alimwambia, akampa mita. "Ademir atawasha. Pima."

"Nilishapima. Nyekundu na buluu, mia mbili na ishirini. Kama inavyotakiwa."

"Sawasawa kabisa na kule kwenu. Sasa pima wa buluu na bomba."

Marilde alipanda ngazi. Ademir aliita kutoka jikoni kwamba amewasha. Noemi, aliyekuwa chini, aliuona mkono wa binti ukihama kwenye bomba, ukatafuta mahali pengine, ukapima, ukahama tena.

"Mita yako ni mbovu," alisema Marilde.

"Tumia yako."

Aliitoa yake mfukoni. Alipima tena, mara tatu. Kisha akamwambia Ademir azime, na akabaki palepale juu, kipaji cha uso kimeegemea ukuta.

"Huku hakuna nyutro kwenye shawa," alisema.

"Hakuna."

"Nimezaliwa huku. Nilihama na miaka kumi na saba. Najua blenda, najua friji, najua kuuliza dukani kitu ni cha upande upi. Hili..." Hakulimaliza. "Baba Anselmo hakuigusa ile ya baba."

"Hakuigusa. Bega lake halipandi."

"Alijuaje?"

"Aliuona utepe wako."

Marilde alitikisa kichwa mara nyingi, taratibu, kama mtu anayekubaliana na maelezo ya barabara. "Alinipigia simu Jumatatu asubuhi," alisema. "Baba. Nilikuwa kwenye foleni ya kiwandani. Akasema, naingia kuoga mwanangu, leo naoga kama tajiri. Nikamwambia usimalize maji yote ya mto. Akacheka. Nikakata, zamu ilikuwa imefika."

Noemi aliishika ngazi isiyumbe.

Binti alitoa koleo. Aliubandua ule utepe wa kijivu tabaka kwa tabaka, akautenga waya wa kijani na wa buluu, akauzungushia ule wa buluu alama nyekundu, pana, mahali ambapo kila mtu angeiona. Alishuka. Alikwenda jikoni, akachukua birika lililokuwa likichemka juu ya jiko la kuni, akachanganya maji kwenye beseni na kuyajaribu kwa kiwiko.

"Kumetokea nini?" aliuliza Zulmira, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha.

"Nimekosea, shangazi. Ya baba, na hii yako. Ni mimi."

Bi Zulmira alimtazama mpwa wake kwa muda. Akamtazama Noemi, ambaye hakukwepesha macho. Alitazama mlango wa bafu, na mkono ukamwendea mdomoni. Halafu akasogeza kiti karibu na beseni, akakaa, akainamisha kichwa chake chote chenye povu mbele ya mikono ya Marilde.

"Mwagia, mwanangu," alisema. "Linaniwasha macho."

*

Saa sita kasoro robo Anselmo alisikia nyayo kwenye korido, akazitambua, na akaanza kumtukana inspekta kabla hajamwona.

"Umemwambia! Nilikuomba kitu kimoja! Kimoja!"

"Nilijipimia mwenyewe, baba Anselmo," alisema Marilde.

Mzee alikuwa amekaa juu ya kitanda cha saruji, blanketi mbili mabegani, sufuria ya mbegu mapajani. Binti alisimama nje ya nondo, nywele bado zina vumbi la ukuta, uso umevimba.

"Toka," alimwambia. "Hapo ni pangu."

"Mimi nimeshapazoea."

"Toka, baba. Tafadhali."

"Sitoki. Alama ile nani alisahau kuiweka? Wewe ulikuwa na miaka mingapi 2003? Ulikuwa unalilia peremende."

"Utepe nani aliuzungusha?"

"Na waya nani aliudanganyisha?"

Ademir alifungua mlango ili mzee atoke. Mzee hakutoka. Marilde ndiye aliyeingia, akakaa kando yake. Anselmo alijaribu kumrushia blanketi begani kwa mkono wa kulia, ukakwama kifuani. Akajaribu kwa wa kushoto, ikawezekana.

Mezani, kando ya karatasi ya maungamo isiyotiwa sahihi, simu ya mwendesha mashtaka ilikuwa imeanza kulia. Noemi aliiacha ilie. Ademir alikuwa amesimama na funguo mkononi, akimtazama mkuu wake, hajui afunge au afanyeje, na Noemi alimwashiria auache mlango wazi.